Mwalimu Aliyebisha Hodi



Leo nataka kuwasimulia habari ya mwalimu mmoja mwanamke, na ya njia aliyoifungua kwa miguu yake mwenyewe kati ya shule na nyumba za watu. Njia hiyo ilianzia Marekani, katika wilaya ya Henrico iliyomo jimbo la Virginia. Kisha ikavuka bahari, ikafika hata Kabete karibu na Nairobi. Lakini kabla hatujaanza safari, niruhusuni niungame kosa langu mwenyewe.

Nilipotoka chuo cha ualimu, nilipewa shule ndogo ya kijijini. Katika muhula wa kwanza niliandika barua thelathini, kwa mwandiko mzuri, kuwaalika wazazi mkutanoni. Siku ilipofika walikuja wazee wanne tu, na mmoja wao alikuwa amepita akimtafuta mbuzi wake. Nilikasirika sana. Jioni nilimwambia bibi mmoja mzee, jirani yangu, ya kuwa watu wa kijiji kile hawaipendi elimu. Akaniacha nimalize maneno yangu yote, kisha akasema: “Mwanangu mwalimu, ninyi watu wa shule mna mambo mawili tu ya kutuitia, deni na fimbo. Mtoto akiileta barua yenu nyumbani, hulia kabla haijafunguliwa. Wewe umekaa hapa miezi mitatu. Je, umekwisha kunywa maji nyumbani kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikiwafundisha walimu wengine na kusoma historia ya shule, ndipo nilipogundua ya kuwa swali la bibi yule lilikuwa limekwisha kujibiwa zamani, na mwalimu aitwaye Virginia Estelle Randolph.

Bibi Randolph alizaliwa katika mji wa Richmond, Virginia, na wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Yafaa tukumbuke jinsi nchi ile ilivyokuwa. Mwaka 1831 Virginia ilitunga sheria iliyokataza mikutano ya kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini shule za watoto weusi zilitengwa na shule za watoto weupe, nazo zilipewa fedha kidogo mno. Nyumba zilikuwa mbovu, vitabu haba, na mwaka wa masomo ulikuwa wa miezi michache tu.

Mwaka 1892 Bibi Randolph alipewa shule iitwayo Mountain Road, yenye chumba kimoja tu, huko Henrico. Uwanja wake ulikuwa matope. Hakungoja serikali ije. Alinunua changarawe kwa fedha zake, akatengeneza njia ya kuingilia, akazipaka kuta chokaa, akapanda maua. Kisha akawafundisha watoto kazi za mikono pamoja na masomo ya vitabu: kushona, kupika, useremala na kulima bustani.

Je, wazazi walishangilia? La, baadhi yao walichukizwa. Walisema kwamba hawakuwapeleka watoto wao shuleni wajifunze kazi, kwa maana kazi wanaijua, waliwapeleka wasome. Wala tusiwacheke wazazi hao. Mtu ambaye baba yake alikatazwa kitabu kwa sheria, akimwona mtoto wake amepewa jembe shuleni, hana budi kuuliza kama hii si hila mpya ya kumrudisha pale pale alipotoka.

Mwalimu asiye na hekima angalisema, kama nilivyosema mimi, ya kuwa watu hawa hawapendi elimu. Bibi Randolph hakusema hivyo. Alikwenda kwao. Aliwatembelea nyumbani, akaketi nao na kuwasikiliza. Siku za Jumapili aliwafundisha watoto Maandiko, na wazazi wakamwona katika mahali walipokuwa wamezoea kuaminiana. Kidogo kidogo waliokuwa wakimpinga wakaanza kuja shuleni, kwanza kutazama, halafu kusaidia. Mwaka 1908 alifanya sikukuu ya kupanda miti, na watu wakapanda miti 12 ya kivuli. Kila mti akaupa jina la mmoja wa wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Mtu aliyepanda mti penye shule hawezi tena kuiita shule ile ya mwalimu, kwa kuwa mti wake umo mle.

Msimamizi wa elimu wa wilaya ile alikuwa bwana mmoja mweupe, Jackson Davis. Aliiona shule ya Mountain Road, akajiuliza: Jambo hili lawezaje kuenea katika shule zote za watoto weusi wilayani mwangu? Twaweza kulisifu swali hilo, kwa sababu maofisa wengi wakimwona mwalimu mwema humsifu kwa barua, na mambo yakaishia hapo. Davis alitafuta mshahara wa kumtoa Bibi Randolph katika chumba chake kimoja ili azitumikie shule zote.

Fedha zilipatikana kwa mwanamke mwingine. Anna T. Jeanes, mkazi wa Philadelphia na mfuasi wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola 1,000,000 mwaka 1907 kwa ajili ya shule ndogo za mashamba za watoto weusi wa Kusini. Naye hakutaka mambo ya watu weusi yaamuliwe na weupe peke yao, Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, alikuwa miongoni mwa aliowategemea katika shauri hilo. Mfuko huo ukakubali kulipa dola 40 kwa mwezi, na mwezi wa Oktoba mwaka 1908 Bibi Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa Jeanes.

Kazi yake ilikuwa kuzizungukia shule 23. Ofisi yake ilikuwa njiani. Alipofika shuleni, alimsaidia mwalimu kazi ya darasa. Kisha akawaendea wazazi na kuwakusanya katika vyama vya kuitengeneza shule yao. Hakuwaletea orodha ya matakwa ya serikali. Kila mahali aliuliza ni jambo gani linalowasumbua wao: hapa ni ua, pale ni paa linalovuja, kwingine ni kisima. Kwa hiyo shule hizo hazikufanana katika matengenezo yao, bali zilifanana katika jambo moja, yaani kila chama kilianza na haja ambayo wenyewe waliitaja.

Alipomaliza mwaka wa kwanza aliandika taarifa ya kazi yake. Davis akaipiga chapa na kuipeleka kwa wasimamizi wa elimu wa Kusini, na shauri hilo likaitwa Mpango wa Henrico. Walimu wa Jeanes wakaongezeka mpaka wakawa mamia katika majimbo ya Kusini, na wengi wao walikuwa wanawake. Kazi yao iliendelea hata mwaka 1968. Bibi Randolph mwenyewe alifariki mwaka 1958.

Sasa natamani mwone jinsi nguvu ya wazazi ilivyokuwa kubwa mara ilipopata mahali pa kushikia. Mwaka 1912 tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, alikubaliana na Booker T. Washington kusaidia kujenga shule sita ndogo karibu na Tuskegee. Jambo likakua. Sharti lake lilikuwa hili: Rosenwald hutoa sehemu, serikali ya mahali hutoa sehemu na kuikubali shule kuwa yake, ili imlipe mwalimu, na watu wa mahali nao hutoa sehemu, kwa fedha, ardhi, mbao au kazi ya mikono. Mara nyingi waliokwenda nyumba kwa nyumba kulieleza jambo hili ni wale wale walimu wa Jeanes. Watu walipika vyakula wakaviuza, wakauza kuku, na wengine walitenga kipande cha shamba la pamba, mavuno yake yawe ya shule.

Ujenzi huo ulipokoma mwaka 1932, zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15, pamoja na nyumba 217 za walimu na karakana 163. Gharama yote ilikuwa dola 28,408,520. Nawaombeni muisikilize vema hesabu hii. Katika fedha hizo, Rosenwald na mfuko wake walitoa dola 4,364,869. Watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima wasio na ardhi yao, walitoa dola 4,725,871. Naam, maskini walimshinda tajiri. Shule hizo zimebaki na jina lake, lakini nafikiri ingalikuwa haki kama kila mlango ungaliandikwa pia majina ya wauza kuku.

Hata hivyo, historia ya kweli haina asali tupu. Watu hao walikuwa wakilipa kodi kama watu wengine, na kodi zao zilitumika zaidi kwa shule za watoto weupe, ambazo watoto wao hawakuruhusiwa kuingia. Kwa hiyo walilipa mara mbili kwa kitu kimoja. Hili ni neno zito kwa kila anayesimamia elimu. Ni rahisi sana kusifu moyo wa wazazi wa kujitolea, na chini ya sifa hizo kuficha uzembe wa mwenye kupaswa kulipa. Ushirika wa wazazi haukuumbwa uwe kiraka cha kuziba tundu la haki. Na wazazi wale walilijua jambo hilo. Waliozoea kukutana kwa ajili ya paa na kisima, walizoea pia kusema pamoja. Na mwaka 1954, mahakama kuu ya Marekani ilipoamua kwamba kuwatenga watoto wa shule kwa rangi zao ni kinyume cha katiba, nyuma ya hukumu hiyo walikuwako wazazi wa vijiji na miji waliokuwa wamekwenda mahakamani kwa ajili ya watoto wao.

Basi, njia hii ilifikaje kwetu Afrika Mashariki?

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilizunguka nchi zetu kutazama elimu. Katika tume hiyo alikuwamo James Aggrey, Mwafrika mwenye elimu kubwa aliyezaliwa Gold Coast, nchi inayoitwa sasa Ghana. Watu hawa walikuwa wameiona kazi ya walimu wa Jeanes, wakashauri ianzishwe huku. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, na mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, Mskoti, aliyekuwa mwandishi wa tume hiyo.

Palikuwa na jambo jema sana Kabete. Mwalimu hakuja peke yake, bali alikuja na mkewe na watoto. Walipewa nyumba na kipande cha shamba, na mahali pote pakawa kama kijiji. Mume alijifunza kuzisaidia shule ndogo za vijijini. Mke alijifunza kutunza watoto, usafi, mapishi na kushona. Walipohitimu walirudi makwao, na mwalimu akawa mtembezi wa shule kadha wa kadha. Waliokuwa wameifikiri kazi hiyo walijua ya kuwa mkono mmoja haulei mwana, na kwamba shule isiyokuwa na neno la kumwambia mama imesema nusu tu.

Lakini kulikuwa na tofauti moja kati ya Henrico na Kabete. Kule, kazi ilianza kwa mwalimu mmoja na wazazi wake. Ofisi ikaja nyuma, ikafuata. Huku, kazi ilianza kwa tume na ofisi, na mwanakijiji alipelekewa shauri lililokwisha kukatwa. Elimu ya jembe, choo na bustani ilikuwa na manufaa, wala simdharau aliyeifundisha. Ila wazazi wengi wa Kenya waliuliza lile lile swali la wazazi wa Mountain Road: Mbona watoto wa wengine hupewa vitabu na Kiingereza, nasi tunapewa majembe? Tena hawakuwa na kiti katika baraza la kulijibu.

Waliposhindwa kusikilizwa, walijenga wenyewe. Katika nchi ya Wagikuyu, baada ya ugomvi mkubwa kati ya misheni na watu mwaka 1929, wazazi wengi waliziacha shule za misheni, wakaanzisha shule zao za kujitegemea, na katika miaka ya 1930 shule hizo zikaungana katika vyama. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, na watu wakachanga kwa marika yao, kila rika likishindana na jingine. Msimamizi wake alikuwa Mbiyu wa Koinange. Na huyu alikuwa amesoma wapi? Alikuwa amekwenda Hampton, katika jimbo lile lile la Virginia.

Tazameni maajabu ya historia. Kutoka jimbo moja zilitoka njia mbili zikafika nchi moja, na kutoka Kabete hata Githunguri si mbali. Njia ya kwanza ililetwa na serikali na misheni, ya pili ilifunguliwa na wazazi. Ya kwanza ilikuwa na fedha na walimu wenye ujuzi, lakini haikuwapa watu neno la kutosha. Ya pili ilikuwa na watu na neno lao, lakini mara nyingi ilipungukiwa fedha na walimu waliofundishwa. Kila moja ilikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa, wala hazikukutana. Shule za kujitegemea zilifungwa na serikali wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na Githunguri ikafungwa pamoja nazo. Mwaka 1961 mahali pa shule ya Jeanes pakageuzwa kuwa chuo cha kufundisha maofisa wa serikali. Nikiwaza watoto waliokuwa madarasani siku milango ile ilipofungwa, nasikitika, kwa kuwa hakuna shauri la wakubwa ambalo mtoto hakulilipia.

Haya basi, wasikilizaji, tumejifunza nini sisi tulio walimu, wazee wa kamati na wasimamizi wa elimu wilayani?

Kwanza, wilaya ikitaka wazazi waje shuleni, sharti imwajiri mtu wa kuwaendea. Moyo wa mwalimu peke yake hautoshi. Davis hakumwambia Bibi Randolph atembee jioni, baada ya kufundisha mchana kutwa. Alimtafutia mshahara, ili kutembea kuwe ndiyo kazi yenyewe. Mkubwa anayewaagiza walimu wake wawatembelee wazazi, wala hawapunguzii mzigo mwingine, ametoa agizo ambalo halitatendeka.

Pili, haja ya kwanza itajwe na wazazi. Hata kama mwalimu anajua ya kuwa choo ni muhimu kuliko ua, na waanze na ua kama ndilo linalowauma. Watu wakiisha kushinda jambo dogo pamoja, watalifikia na kubwa.

Tatu, anayechanga apewe neno. Wazazi wakiitwa kubeba mawe, na waitwe pia kusikia hesabu ya fedha, na kuuliza watoto wao wanafundishwa nini na kwa nini. Mzazi anayeitwa kwa mawe tu hujiona kibarua asiye na ujira.

Nne, serikali itoe sehemu yake kwanza, au walau kwa wakati mmoja na watu. Sharti la Rosenwald lilikuwa na nguvu kwa sababu halikuwaacha wazazi peke yao: liliwafunga maofisa nao waipokee shule na kuitunza. Palipokosekana haki ya kodi, hata sharti jema kama hilo lilimwelemea mnyonge.

Na la mwisho, mama asisahauliwe. Mara nyingi barua zetu za shule zilikuwa zikiandikwa kwa baba, na daftari bado liko mikononi mwa mama, anayelifungua karibu na moto wa jikoni hata kama yeye mwenyewe hakupata kusoma.

Nirudi kwa bibi yule wa kijijini kwangu. Baada ya swali lake nililala nimeaibika, na asubuhi yake nilianza kutembea. Nyumba ya kwanza nilipewa kigoda, na hofu ikajaa uani, kwa maana walidhani mtoto wao amefanya kosa. Nikawaambia nimekuja kusalimu tu. Hawakuniamini. Nyumba ya tano waliniamini, kwa kuwa habari ilikwisha kunitangulia. Muhula uliofuata sikuandika barua hata moja. Nilizunguka nikabisha hodi, na siku ya mkutano viti havikutosha, watu wakaketi chini ya mwembe. Jambo la kwanza waliloliomba halikuwa lile nililolitaka mimi. Waliomba kengele ya shule igongwe kwa nguvu zaidi, ili watoto wa ng'ambo ya mto wasichelewe na kupigwa. Mimi nilikuwa nikiwapiga watoto hao muhula mzima kwa uvivu, kumbe hawakuisikia kengele.

Siku ile nilijua ya kuwa wazazi hawaji shuleni kutupunguzia kazi tu. Huja na habari ambayo sisi hatuna, na mtoto huumia maadamu hatujaisikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bibi Randolph aliinama akaingia katika milango mifupi ya watu maskini, na shule 23 zikapata nguvu. Wewe mwalimu unayenisikiliza, nyumba iliyo karibu kabisa na shule yako, je, umekwisha kunywa maji humo?